Saa Tatu ya Redio

Saa moja jioni ilifika, na simu ya Mwelu haikulia. Kwa miaka mingi dada yake Wavinya alimpigia saa hiyo kutoka Ekalakala, wakaongea mpaka chai ikapoa. Kisha ugonjwa wa koo ukamnyang'anya Wavinya sauti. Akabakia na vidole vya kuandika ujumbe, na huku kwao Kathiani, Mwelu alikuwa ameshapoteza macho.

Katikati yao alikaa Kaluki, binti ya Mwelu, fundi wa kushona sare za shule. Yeye ndiye aliyesoma ujumbe kwa sauti, na mamake hakuridhika.

"Umeruka kitu."

"Sijaruka, mwaitu," Kaluki akamjibu mamake.

"Umeruka. Wavinya hawezi kumaliza maneno bila kukutaja wewe."

Alikuwa ameruka, kweli.

Ndipo Kaluki akasikia habari za programu inayosoma Kikamba kwa sauti. Walioitunga waliiweka mtandaoni bure, maagizo yote yanayoiunda, mstari kwa mstari, na barua fupi juu yake: chukua, tumia, ukiweza boresha. Chini yalifuata majina. Kaluki aliyasoma polepole yote, hakumjua hata mmoja, na hata mmoja hakumjua yeye. Lakini haikuwa programu iliyo tayari. Ilikuwa vipande, kama nguo iliyokatwa, na kompyuta ya mwenye kuichukua ndiyo iliyopaswa kuviunganisha. Kuunganisha vipande ilikuwa kazi yake ya kila siku, kwa hiyo hakuogopa.

Siku tatu alishindwa. Kila asubuhi alienda saiba, duka la intaneti pale sokoni, akapakua vipande upya akidhani vya jana viliharibika, akarudi navyo kwenye flashi. Nyumbani aliwasha kompyuta yake kuukuu. Betri ya saa ya ndani ya kompyuta hiyo ilikuwa imekufa, hivyo kila ikiwaka ilimuuliza tarehe na wakati.

"Mwaitu, ni saa ngapi?"

"Redio imesema saa tatu."

Akaandika tatu, akatoa amri ya kuunganisha. Mistari ikamiminika, ikafika mahali, ikarudi mwanzo, ikamiminika tena bila kwisha, na kati yake onyo lilelile: faili hizi ni za wakati ujao.

"Hiyo kitu yako iko na shida gani?" Mwelu aliuliza siku ya tatu.

"Inasema vipande vyangu vimetoka wakati ambao haujafika."

"Basi ngoja ufike."

Kaluki akacheka. Kisha akatoa mfukoni risiti ya saiba ya asubuhi hiyo, yenye saa aliyopakua vipande: 8:40. Akatazama pembe ya kioo: 3:25. Redio ilihesabu saa tangu jua kuchomoza, kama anavyohesabu kila mtu hapa. Kompyuta ilihesabu tangu usiku wa manane. Kwayo kulikuwa bado giza, jogoo hajawika, na mtu alikuwa amekuja kuiwekea mezani vipande vya asubuhi ambayo haijapambazuka. Kitu kisicho na macho kilikuwa kimekataa, siku tatu mfululizo, kushona nguo ambayo kitambaa chake hakijafumwa.

Aliandika tisa na dakika zake. Mistari ikapita mara moja, ikatulia.

Akaiwekea ujumbe wa Wavinya wa jana, asipunguze neno. Sauti ikatoka, ya mtu asiyekuwepo popote duniani, ikisema Kikamba cha nyumbani. Mwelu aliweka kikombe chini, akainua uso kuelekea ilikotoka.

"Na Kaluki amenona," sauti ikasema, taratibu, bila aibu. "Mpunguzie ugali."

"Nilijua," Mwelu akasema. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya leso, na Kaluki akarudi nyuma hadi mlangoni, asithubutu kumkatiza.

Leo Kaluki bado anashona palepale Kathiani, katika chumba cha mbele. Kompyuta iko chumbani kwa mamake, na ikifika saa moja jioni Kaluki huiwekea ujumbe wa Wavinya, hutoka, na mlango hufungwa.