Mshona Bendera za Mashimo Tisa

Ukiingia kwenye chumba chake cha kushonea siku ya kazi, utamkuta Mama Sare ameinamia meza, chaki imechomekwa sikioni, na pembeni yake rundo la kola za mashati ya shule zinasubiri kugeuzwa. Anaitwa hivyo kwa sababu nusu ya watoto wa mtaa wanavaa sare zilizopita kwenye cherehani yake. Futi ya kupimia huning'inia shingoni mwake, lakini hiyo ni pambo tu. Kitambaa cha mita tatu anakikata kwa jicho, na ukikipima baadaye, hakijazidi wala kupungua hata upana wa kucha.

Sasa mtu kama huyo, miaka hamsini na sita, miguu imechoka kukanyaga pedeli wiki nzima, ungedhani Jumamosi anafanya nini? Analala? Thubutu! Jumamosi anacheza gofu.

Mambo yalianza na oda ya bendera. Uwanja wa manispaa, ule mdogo wenye mashimo tisa nyuma ya matangi ya maji, ulikuwa na bendera za kuonyeshea mashimo zilizochanika mpaka zikabaki nyuzi. Mama Sare akashona tisa mpya, nyekundu, akazipeleka mwenyewe. Mkata majani wa pale akamtania, "Mama, jaribu basi kupiga, uone kama zinaonekana kwa mbali." Akampa fimbo. Pigo la kwanza lilichimba udongo. La pili lilikata hewa. La tatu, mpira ukapaa! Ukapaa kweli, ukaelea juu ya vichaka, ukatua huko mbele bila kelele, na yeye akabaki kinywa wazi. Jioni hiyo alimsimulia mumewe hadi chai ikapoa vikombeni.

Mumewe ni Mzee Rangi, mchora mabango. Maduka mengi ya mtaa yana herufi za mkono wake, zimenyooka kama zimechapwa na mashine. Alicheka sana, lakini Jumamosi iliyofuata alikwenda. Baadaye wakaongezeka wengine wawili. Mmoja ni mdogo wake Mama Sare, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye wanamwita Honi kwa sababu hajui kunong'ona. Mwingine ni Kitinda, binti yao wa mwisho, anayesomea uuguzi. Fimbo zao walizinunua mitumba, moja moja, hakuna mbili zilizofanana. Kwa miaka minane wamecheza hivyo, wanne, wakitaniana kuanzia bendera ya kwanza hadi ya tisa.

Halafu mikono ya Mzee Rangi ikaanza kutetemeka.

Daktari alisema si ugonjwa wa kutisha, ila dawa zinapunguza tu, haziondoi. Kwa mtu mwingine labda ingekuwa kero ndogo. Kwa mchora mabango, ni kazi nzima imeondoka. Siku moja herufi moja ilimpindia mbele ya mwenye duka, akashuka kwenye ngazi, akaosha brashi zake, akampelekea mchoraji mwenzake zote, hata ile nyembamba aliyokuwa haruhusu mtu aiguse. Baada ya hapo alikaa sebuleni miezi mitatu akiutazama ukuta.

Gofu peke yake ndiyo ilikuwa inamtoa nje. Ajabu ni kwamba pigo refu halikumshinda. Mkono ukienda kwa kasi, mtetemo hauonekani. Tatizo lilikuwa pale kwenye grini, yaani yale majani yaliyonyolewa mafupi kama zulia kuzunguka shimo, ambapo mpira unausukuma taratibu tu. Pale mikono ilimwaibisha. Jumamosi moja alikosa mpira uliokuwa hatua moja kutoka shimoni, na watu waliokuwa wanasubiri nyuma wakaangua kicheko. Usiku huohuo, Honi akiwa kwao kwa chakula, alimwambia mkewe, bila hasira, "Nikikosa tena za karibu namna ile, fimbo nampa Honi. Basi."

Mama Sare akaondoa vyombo mezani. Ila kichwani aliuona ule ukuta wa sebuleni.

Wiki iliyofuata alikuja na wazo. "Tumechoka kucheza kila mtu na mpira wake," alisema. "Tucheze wawili wawili, mpira mmoja, mnapokezana. Mimi na mzee wangu, nyinyi mjomba na mpwa."

"Dada, unatafuta wa kukubeba!" Honi alipaza sauti.

"Ndiyo, nabebwa. Wivu wa nini?"

Wakakubali. Na hapo ndipo Mama Sare alipoanza kazi ambayo hakumwambia mtu. Mchezo wa kupokezana una siri yake: ukiuweka mpira karibu na shimo, anayeumalizia ni mwenzako. Kwa hiyo ikifika zamu yake akiwa jirani na grini, makusudi aliupiga ukaishia njiani. Mumewe akabaki na msukumo mrefu, ambao mtu yeyote anaweza kukosa bila aibu, na ule mfupi wa mwisho ukamwangukia yeye. Akautumbukiza, wakaenda shimo linalofuata. Hebu fikiria: ili mwenzako asiaibike, unakubali wewe uonekane hujui. Akafanya hivyo Jumamosi tano.

Na masimango aliyapata.

"Dada, huo mpira ulikuwa umekaa kama umeandaliwa mezani!" Honi alikuwa akisema. "Wewe umeukosesha hata njia!"

"Mama, uzee unaingia," Kitinda alikuwa akiongezea.

"Unaingia, mwanangu. Nitakuachia cherehani." Akacheka na wao, akavuta mkoba wa fimbo, akaenda zake. Mzee Rangi naye alianza tena kupiga mluzi njiani, jambo ambalo halikuwa limesikika nyumbani kwa muda mrefu.

Jumamosi ya sita, kwenye shimo la saba, mpira wao ulikuwa hatua kumi tu kutoka kwenye grini, majani mazuri, hakuna kizuizi. Zamu ya Mama Sare. Akapiga, mpira ukaenda hatua tano, ukasimama.

Honi alifungua mdomo kusema neno lake, lakini Mzee Rangi akainua kiganja kumnyamazisha. Akamgeukia mkewe.

"Wewe," akasema taratibu, "kitambaa cha mita tatu unakikata bila futi. Leo hatua kumi zimekushinda?"

"Upepo, mzee."

"Upepo gani? Bendera yako ile pale, imelala."

Kweli bendera ilikuwa imelala kwenye mlingoti wake. Mama Sare akaitazama kama vile imemsaliti.

"Umefanya hivi mara ngapi?"

Angeweza kudanganya. Alifungua mdomo akijua kabisa kwamba uongo upo tayari, lakini macho ya yule mzee yalimshinda. "Tangu tulipoanza mpira mmoja," akasema.

Mzee Rangi akashika fimbo yake. Akasukuma mpira, Mama Sare akamalizia, wakaenda shimo la nane bila utani. Hata Honi alitembea ameinamisha kichwa. Kitinda alimsogelea mama yake, akamshika mkono, akauachia. Mama Sare akavuta mkoba wa fimbo. Aliogopa kwamba ameharibu kilekile alichokuwa anakilinda, kwamba kesho fimbo zitakuwa nyumbani kwa Honi na mume wake sebuleni.

Shimo la tisa ni fupi. Mzee Rangi alipiga pigo lake refu, zuri, mpira ukatua karibu na grini. Zamu ikawa ya Mama Sare. Hadi hapo pande zote mbili zilikuwa sawasawa, na Honi na Kitinda walikuwa wameshalimaliza shimo hilo kwa mapigo manne. Lakini Mama Sare hakuwa anafikiria ushindi. Alisimama juu ya mpira, fimbo mkononi. Akipunguza, mumewe atapata msukumo mrefu na hakuna atakayemcheka. Akiupiga kama anavyojua, utakaa karibu, na mikono ile itabidi iumalizie mbele ya watu.

"Mke wangu," Mzee Rangi akasema nyuma yake. "Pima kama unavyopima kitambaa."

Akapumua. Akapiga.

Mpira ukaruka kidogo, ukagusa majani, ukabiringika, ukabiringika, ukasimama shubiri moja na nusu kutoka shimoni.

Hakuna aliyeshangilia. Mzee Rangi alisogea, akatandaza miguu, akaishika fimbo. Mikono ikaanza. Ncha ya fimbo ilikuwa inagonga majani, tik tik tik, mtu angeweza kuhesabu. Alisubiri itulie. Haikutulia. Akasukuma hivyohivyo.

Mpira ulizunguka ukingo wa shimo, ukachungulia ndani, ukakataa kuingia.

Honi alikohoa. Mama Sare alikuwa tayari na maneno matatu manne ya kupoza moyo, yamejipanga ulimini. Lakini mumewe hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa amepiga magoti, jicho moja amelifumba, anakagua umbali kati ya mpira na shimo kama alivyokuwa akikagua herufi kabla ya kushuka kwenye ngazi.

"Upana wa kidole kimoja," akasema. "Kulia." Akanyanyuka, akafuta magoti. "Mara ya mwisho nilikosa kwa kiganja kizima. Malizia, zamu yako."

Mama Sare akautumbukiza. Nne kwa nne, hakuna aliyeshinda.

"Shemeji," Honi akauliza, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, "zile fimbo sasa?"

"Fimbo zipi? Nunua zako."

Honi na Kitinda wakatangulia garini. Mzee Rangi alitoa mipira mitatu mfukoni, akaimwaga pale pale kwenye grini, karibu na shimo. "Kaa hapo," akamwambia mkewe. "Uniambie ukweli. Usinipunguzie tena."

Akasukuma wa kwanza.

"Umekosa," Mama Sare akasema.

Wa pili.

"Umekosa, mzee. Kulia tena."

Hakuongeza neno la kumfariji, na hakuangalia pembeni. Mzee Rangi akatikisa kichwa kukubali, akasogeza miguu kidogo kushoto, akauweka sawa mpira wa tatu.