Kipaumbele cha Toleo la Zamani

Katika miaka ile ya soko huria, kituo chetu cha utafiti wa zabibu huko Makutupora kilikuwa na kompyuta moja tu, na umeme wa mgawo kila maji ya bwawa la Mtera yalipopungua. Kompyuta ilitumia Linux, ambayo haikudai ada ya leseni. Intaneti hatukuwa nayo. Programu zilitufikia katika diski kutoka Dar es Salaam. Katika kompyuta hiyo nilihifadhi vipimo vya mizabibu vya misimu kadhaa, na wakulima walikuwa wakisubiri niwaambie wapande vipando vya aina gani mvua zitakapoanza.

Mtaalamu wetu wa kompyuta, mtu wa Iringa na hivyo mtani wangu mimi Mgogo, alileta diski mpya kwa ajili ya printa. Lakini mfumo ule, usipoelekezwa vinginevyo, huchagua toleo jipya la kila kitu. Alipousasisha, ulibadilisha pia programu yangu ya takwimu, na toleo jipya likakataa kufungua mafaili yangu.

Dawa ilijulikana: kuna faili ambamo matoleo hupewa namba za vipaumbele. Toleo jipya lilikuwa na mia tano. Mtani akalipatia toleo la zamani mia tisa. Jipya halikuondoka. Akapandisha hadi mia tisa na tisini. Halikuondoka, na umeme ukakatika.

“Mtani,” akasema, “mashine hii ni ng'ombe wa Kigogo. Ukimvuta, analala.”

“Ng'ombe mtawajulia wapi, ninyi wa pombe ya ulanzi? Leta mwongozo.”

“Usome gizani?”

“Nitausoma dirishani. Wewe kaa hapo usiguse kitu.”

Mwongozo ulieleza jambo hilo kwa sentensi moja, tena katikati ya ukurasa, kana kwamba halimhusu mtu. Namba isiyozidi elfu huamua tu toleo gani liingie. Haiwezi kuliondoa toleo jipya lililokwisha kuingia ili la zamani lirudi. Kurudi nyuma kunahitaji namba iliyozidi elfu. Niliudhika mno. Mia tisa na tisini ilikuwa imeishinda mia tano bila ubishi, na ushindi huo haukuwa na faida yoyote.

Umeme uliporudi, tuliandika elfu moja na moja. Toleo la zamani likarudi, mafaili yakafunguka, nami nikaanza kukokotoa.

Mvua ilinyesha kabla sijamaliza. Wakulima wakapanda vipando walivyopata kwa majirani.