Herufi za Heshima kwa Wakwe wa Goma

Ndugu zangu, nimesali sana nisamehewe majivuno yangu, na naamini Mungu amenisamehe, ila wakwe zangu wa Goma wamenisamehe kwa sharti la kunicheka kila tukikutana, kwa hiyo acheni niwasimulie aibu yangu mwenyewe kabla wao hawajaisimulia na kuongeza chumvi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, upande wetu wa mpaka, Gisenyi ya Rwanda, umetulia, namshukuru Mungu, na binti yangu Espérance amepata mchumba, Bahati, mtoto wa wauza vitambaa wa Goma. Ndugu zetu wengi walikuwa Brussels na Montréal na wasingeweza kufika kwenye gusaba (siku ile familia ya kijana inakuja rasmi kuomba binti, na binti hatoki ndani hadi wazee wakubaliane). Basi mpwa wangu Josiane, karani wa ofisi ya parokia, aliyejifunza Kigali kutengeneza kurasa za intaneti, akasema atatengeneza ukurasa wa kuwatangazia ndugu harusi huko waliko. Mimi nikataka picha. Akanieleza kwa upole kwamba kwa laini yetu ya simu picha moja itafunguka polepole mpaka mtu asinzie, kwa hiyo maandishi yenyewe ndiyo yatakuwa pambo: jina moja kubwa, jingine dogo, hili nene, lile jembamba, na katikati nafasi tupu ya jicho kupumzika.

Nilifurahi kupita kiasi. Mimi ni katekista, nimekulia kwenye vitabu vya zamani vya misa, ambavyo herufi ya kwanza ya ukurasa inasimama kama mlango wa kanisa.

Josiane akanishauri mimi mjomba wake, "Tonton, tutumie herufi za kawaida, zile ziko mu kila kompyuta."

Nikakataa, na hapo ndipo nilipopotea. Kwenye kompyuta yake ya ofisini kulikuwa na aina moja ya herufi za mikunjo, alizopewa na rafiki yake wa Kigali, kila moja ina mikia inayotambaa kama mzabibu, nikasema sisi wenyeji tuandikwe kwa herufi nene za kawaida, lakini wakwe waandikwe kwa hizi, maana mgeni ndiye wa kupambwa. Kwa kuwa zilikuwa pana mno kwa umbile, Josiane akazipa kipimo kidogo sana ili zisimeze ukurasa.

Kama ningeishia hapo! Lakini nilitaka wakwe wauone siku yenyewe ya gusaba, mbele ya watu, kwa hiyo Josiane akauweka ukurasa kwenye disketi, na jirani mfanyabiashara akatuazima kompyuta yake. Josiane aliomba kuijaribu kwanza, mimi nikamwambia aende kusaidia jikoni (Mungu ananisikia ninavyoona haya).

Wageni wakaketi chini ya hema, salamu zikaisha, nikasimama na kuwaambia wakwe watazame jinsi tulivyowaheshimu. Ukurasa ukafunguka. Jina letu lilijaa kioo kama kibao cha duka. Jina lao lilikuwa chini yake, dogo kama maelezo ya kwenye chupa ya dawa. Josiane akaja akaninong'oneza kwamba disketi imebeba ukurasa tu, zile herufi zenyewe zimebaki kwenye kompyuta ya ofisi, na hii ya jirani, ilipozikosa, imeweka zake za kawaida kwa kipimo kilekile kidogo.

Msemaji wa wakwe, Mzee Evariste, akainuka taratibu, akaanza kuongea kwa kunong'ona.

"Batu ba Goma tumeona kipimo chetu. Tutaongea kwa sauti yenye kulingana nayo."

Mzee mmoja wa kwetu akamwomba apaze sauti.

"Sauti ni ya benye nyumba," akanong'ona.

Vijana wakacheka, lakini baba yake Bahati hakucheka, alikuwa anaizungusha kofia yake mikononi, na shangazi mtu ameshatia mkoba begani. Miaka ile mtu wa Goma alikuwa anadharauliwa vya kutosha akivuka mpaka, hakuhitaji kuongezewa nyumbani kwangu. Na nyuma ya pazia mwanangu, amevaa mushanana wake, vazi letu la sherehe la kufunga begani, anasikiliza kama ataolewa au la.

Nikamwendea huyo baba mkwe wa binti yangu, nikamwambia herufi zake za heshima zimebaki ofisini.

"Herufi inabakiaka?" akaniuliza. Kisha akavaa kofia. "Bon. Twende tuzione."

Tukatoka, yeye, Mzee Evariste, Josiane na mimi, huku mke wangu akiwaongezea wageni Fanta na kuniangalia kwa jicho ambalo sitalieleza. Ofisini kompyuta ikachukua muda wake kuamka, tukasubiri kama watu wa maungamo, na ukurasa ukatokea kama nilivyoutaka, jina lao limejaa mikunjo na mikia. Baba mkwe akavaa miwani, akainama. Akampisha Mzee Evariste, naye akageuza kichwa huku na huku.

"Iko muzuri kabisa," akasema. "Lakini iko inasema nini?"

Nikasogea niwasomee. Sikuweza. Herufi ya kwanza tu ingeweza kuwa yoyote kati ya tatu, na mimi ndiye niliyezichagua.

Baba mkwe akashika meza, akacheka hadi miwani ikamtoka.

"Mukwe, mi nilizani umetufanya badogo. Kumbe ulitaka kutuficha kabisa."

Kisha akamwomba Josiane aziandike familia zote mbili sawa, herufi moja, kipimo kimoja. Josiane akafanya palepale: Espérance na Bahati katikati, sisi upande huu, wao upande ule, na weupe mwingi pande zote. Sijaona ukurasa mzuri kuliko ule.

Tuliporudi, Mzee Evariste aliomba binti kwa sauti ambayo nadhani iliwafikia wavuvi ziwani, na Espérance akatoka.

Nami nikaapa: sitamchagulia mtu tena heshima bila kumuuliza kama anaweza kuisoma. Na Josiane akiandaa chochote parokiani, kazi yangu ni kuleta chai.