Shairi Nililomsingizia Marehemu

Kosa ni langu, wala sitafuti mtu wa kunibebea nusu yake. Yalitokea kwetu Lamu, miaka hii hii ya hamsini, na wahusika wengi wangali hai. Kwa hiyo majina nimeyageuza.

Nilikuwa kijana wa mtaa wa Wiyoni. Asubuhi nasomesha watoto Kurani chuoni, jioni natunga mashairi kwa siri. Siku moja nikajikaza, nikalipeleka shairi langu kwenye baraza ya Bwana Aboud. Mzee huyu shairi akilisifu, kesho lasomwa mji mzima. Akilinyamazia, limekufa.

Nikaanza kusoma. Sikufika ubeti wa nne, akaniinulia kiganja.

"Basi, kijana. Vina viko. Mtu hayumo."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini masikio yaliniwaka moto. Nikapeleka jingine, nalo likarudi vivyo hivyo. Tangu hapo kila nikishika kalamu ni yale yale. Naandika mstari, nakisikia kile kicheko, naufuta. Hata ndia ya barazani kwake niliihama, nikawa nazunguka nyuma ya nyumba za watu kama paka aliyekula samaki wa wenyewe.

Halafu nikavuka maji kwenda Siyu kumzuru mama yangu. Huko, katikati ya nyumba za mawe zilizobomoka, shairi likanijia. Lilisimulia Siyu ya zamani, mafundi wake na misikiti yake. Nilijua ni zuri, na hilo ndilo lililonitisha. Nikajiambia: hili nalo likikataliwa, sina tena pa kukimbilia.

Basi niliporudi barazani nikasema uongo.

"Si langu, Bwana. Ni la babu yake mama. Nyanya alinihifadhisha kabla hajafa."

Nikalisoma lote. Bwana Aboud alijifuta machozi kwa ncha ya kikoi.

"Haya ndiyo maneno," akasema. "Watu wa zama hizi za yeo hawayawezi tena."

Mbele za watu nilitabasamu. Moyoni nilitaka kulia.

Shairi likaenea, likavuka hadi Siyu kwenyewe. Sasa sikiliza balaa lilipokuwa. Ubeti mmoja ulikuwa na vina vya "fu". Nilikuwa na "safu", na "harufu", na "khofu", nikakosa cha mwisho. Nikaandika:

*Shamba lile la kisima, mwenyewe kaweka wakfu.*

Sikuwa na habari yoyote ya wakfu. Nilitaka kina tu! Shamba lile ni la minazi, pembeni ya kisima, na Bi Mwanaidi, jirani ya mama yangu, alilirithi kwa babake. Alikuwa mjane, na minazi ile ndiyo iliyomweka mjini. Lakini wasimamizi wa msikiti walipousikia ubeti ule wakaanza kunong'ona. Wazee wa kale walisema wakfu, basi ni mali ya msikiti.

Bi Mwanaidi hakugombana na mtu. Alinijia mimi, nikiwa tena kwa mama, akaketi mkekani mbele yangu.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa chuo, hutanidanganya. Maneno hayo, kweli nyanya yako aliyasema?"

Mama alikuwa jikoni akikuna nazi. Ningeweza kusema kweli pale pale, kwa sauti ya chini, na mambo yakaisha. Lakini niliiona baraza nzima ikinigeukia. Niliogopa kucheka kwao kuliko nilivyomwogopa Mungu.

"Ndiyo, Bi Mwanaidi. Aliyasema."

Akainuka mkekani. Kisha akasema, "Basi sitakula mali ya msikiti. Na nazi nilizokwisha kula, Mola anisamehe."

Akalitoa shamba kwa mkono wake mwenyewe. Akawa anasuka ukili na kuuza mikeka, naye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Mimi nikaingia katika khofu nisiyoijua mwanzo wala mwisho. Mtu akipiga hodi, nashtuka. Nikiwasomesha watoto aya inayotaja mali za watu, naipita haraka. Mwishowe nikarudi Siyu, nikamkuta Bi Mwanaidi kibarazani na ukili wake, nikamwambia yote.

Hakunitukana. Alisuka, akasuka, kisha akauliza, "Shairi lote lile umetunga wewe?"

"Mimi, Bi Mwanaidi."

"Ni zuri. Mbona hukusema ni lako?"

Nikalia. Akaniambia, "Usinililie mimi. Nenda kawaambie waliolichukua shamba."

Nikaenda. Wasimamizi walikuwa wameketi nje ya msikiti baada ya sala ya alasiri. Nikawaeleza yote. Mkubwa wao akanitazama sana.

"Ikiwa yana ulisema urongo," akasema, "tutajuaje yeo husemi urongo kumwokoa jirani ya mamako? Shairi kama lile si la mtu wa rika lako."

"Wallahi ni langu."

"Basi tutungie ubeti mmoja, hapa hapa, kwa vina vile vile. Tukiusikia tutajua."

Wote wakasubiri. Nami nilikuwa na maneno tele tangu utotoni. Nikatafuta "fu" moja tu, sikuiona. Niliisikia sauti ya Bwana Aboud, nikasikia kicheko, na wala pale hapakuwa na aliyecheka. Nikasimama mpaka mmoja wao akanihurumia, akaniambia, "Enenda zako, kijana."

Shamba halikurudi. Bi Mwanaidi bado anasuka. Kila nikipata kitu nampelekea, naye hukipokea na kuniombea dua, na dua ile yanichoma kuliko laana. Mashairi yamenikimbia.

Wewe unayetunga, nakuonya. Kukataliwa kunauma, lakini hakuui. Peleka kazi yako kwa jina lako, ikirudi irudi kwako. Ukilificha jina lako kwa kuogopa kicheko, hujui khofu yako itamwangukia nani.

Nayasema haya, na chini ya maneno haya nilitaka kutia jina langu. Nimeishika kalamu tangu adhuhuri. Nimeshindwa.