Mafundo ya Sista Zipora

Kila Alhamisi, kabla jua halijapata makali, Sista Zipora Ndahani alipanda baiskeli yake, akaipita Nzuguni, akaingia njia ya vumbi mpaka kwenye zahanati ya kijiji yenye vyumba vitatu na benchi moja refu lililoegemea ukuta wa nje. Hapo walimngoja watu wa kifafa. Katika daftari lake la mwaka 1996 walikuwa sitini na mmoja, kila mmoja akija mara moja kwa mwezi kuchukua vidonge vyake.

Alikuwa na miaka arobaini na moja. Alizaliwa upande wa Mpwapwa, akasomea uuguzi, akapangiwa kazi mjini Dodoma. Alipokuwa mtoto alimwona jirani yao, msichana wa rika lake, akianguka kwenye mafiga yenye moto, na watu wazima wamesimama tu, maana povu la mdomoni liliogopwa kuliko moto wenyewe. Hakupenda kulisimulia. Wenzake wengi walikuwa wakihamia zahanati za watu binafsi, ambazo miaka hiyo zilichipuka mjini kama uyoga. Wakimuuliza yeye anangoja nini, alijibu kwamba watu wa kifafa hawaendi huko.

Kazi yake ilikuwa na shida moja. Ili ajue kama dawa inasaidia, ilimbidi ajue mgonjwa ameanguka mara ngapi kwa mwezi, na wengi wa wagonjwa wake, au mama zao, hawakuwa watu wa kalenda na kalamu. Basi akabuni njia. Alifumua magunia ya katani, akampa kila mgonjwa uzi wa urefu wa mkono. Mtu akianguka, nyumbani wanafunga fundo. Siku ya kliniki uzi unaletwa, Sista anahesabu mafundo, anaandika, anauhifadhi kwenye kasha la sabuni, anatoa uzi mpya. Hata bibi asiyeona vizuri aliweza kuhesabu kwa kidole.

Na mafundo yalipungua. Mwezi baada ya mwezi nyuzi zilikuja laini. Kufikia Agosti, wagonjwa arobaini na mmoja kati ya sitini na mmoja hawakuwa na fundo hata moja kwa miezi mitatu mfululizo. Sista Zipora alihesabu mara mbili, kisha akaenda kumwonyesha Dokta Harithi wa hospitali ya mjini.

Dokta Harithi alikuwa mtu wa mjini hapa hapa, wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani. Ndugu zake wote waliuza vitambaa na vyombo. Yeye peke yake ndiye aliyekwenda kusomea vichwa vya watu, na kaka zake walimtania kwamba hiyo ndiyo bidhaa pekee isiyorudishwa dukani. Alipoziona zile hesabu alivuta mtoto wa meza, akatoa fomu.

Ni ajabu, ukifikiri, kwamba duniani kuna watu wanaokutana kila mwaka kwa ajili ya kuzungumzia ubongo tu. Kitu chenye uzito usiofika hata kilo mbili, karibu sawa na kuku mdogo aliyenyonyolewa, na bado mamia ya watu husafiri, hukaa kwenye kumbi siku nne, na hawamalizi. Mwaka uliofuata chama cha watafiti hao kingekutana Kampala, mwezi wa Machi. Wala si kwamba mtu anajiendea tu na kuanza kuzungumza. Miezi mingi kabla, anayetaka kikao anapeleka pendekezo. Anaandika kikao kitaitwaje, mwenyekiti wake ni nani, wazungumzaji ni akina nani, wasiopungua watatu na wasiotoka nchi moja, na kila mmoja atasema nini. Halafu kamati ya watu asiowajua inalisoma pendekezo na kulipa alama. Mapendekezo ni mengi, kumbi ni chache. Kwenye fomu hiyo kulikuwa na kisanduku kimoja ambacho Dokta Harithi alikigonga kwa kalamu: Ni jambo gani jipya mtakalotuletea?

Yeye alikuwa ameshapeleka mapendekezo mara mbili, miaka tofauti, na mara zote mbili yalikataliwa kwa barua yenye maneno yale yale. Safari hii alikuwa na arobaini na mmoja kati ya sitini na mmoja. Akajiandika mwenyekiti na mzungumzaji wa pili, akamwandika Sista Zipora mzungumzaji wa kwanza, akampelekea faksi mwenzake waliyesoma naye, ambaye sasa alikuwa Lusaka, awe wa tatu. Lusaka ikakubali. Fomu ilitakiwa ifike Kampala Jumatano ya mwisho ya Agosti.

Sista Zipora hakuwa amewahi kuvuka mpaka wowote. Lakini si safari iliyomkosesha utulivu. Vidonge vyake vilitoka kwa wafadhili ambao mkataba wao ulikuwa unaisha Desemba, na wafadhili hao huhudhuria mkutano ule kila mwaka. Kikao kikikubaliwa, atakuwa na barua ya kuwaonyesha kabla mkataba haujaisha, na watu wake sitini na mmoja watasikika. Kikikataliwa, hakujua Januari atawaambia nini pale benchini.

Alhamisi iliyobakiza siku sita, upepo wa Agosti ulikuwa umechachamaa toka asubuhi, ule wa kujaza mchanga mpaka kwenye meno. Sista alikuwa ndani akipanga vidonge. Akatoka kwa mlango wa nyuma kuchota maji mtungini, na kwa kuwa upepo ulikuwa ukivuma kuelekea kwake, akasikia mazungumzo ya benchini kabla hawajamwona.

"Nipitishie hiyo sindano."

"Subiri, hili limekaza. Nani aliyefunga hivi, mumeo? Anadhani anafunga ng'ombe."

"Acha moja basi. Ukimpa laini tena atadhani hata hukumbuki kufunga."

Wakacheka. Sista Zipora alichungulia pembeni ya ukuta. Wanawake walikuwa wamekaa bega kwa bega, nyuzi zao mapajani, na sindano kubwa ya kushonea magunia ilikuwa ikipita kutoka mkono hadi mkono. Kila aliyeipokea alichokonoa fundo, akalilegeza, akalifungua, akaunyoosha uzi kwenye goti, kisha akampitishia jirani yake sindano. Mwishoni mwa benchi alikuwapo Paulina, mama wa Filipo, kijana wa miaka kumi na minne. Yeye hakuingoja sindano. Alikuwa akitumia meno.

Sista akasimama mbele yao na kata ya maji mkononi. Kisha, kama ilivyo desturi, mkubwa wao akamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na wengine wakafuatisha, kila mtu na habari za asubuhi, habari za njiani, habari za mjini, na majibu yote yakawa nzuri.

Akamuuliza Paulina alikuwa anafanya nini.

"Nafungua, Sista," Paulina akajibu. Hakuona haya wala hakuona kosa. "Wewe unatoka mjini na baiskeli, upepo wote huu, kwa ajili yetu. Ukiona mafundo mengi uso wako unaanguka, tunauona. Sasa sisi tukupokee na mafundo mlangoni?"

Sista akamwambia kwamba wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

"Maradhi hatujaficha. Si tumekuja nayo yamekaa hapa?" Paulina akamwonyesha Filipo, aliyekuwa akichora chini kwa kijiti. "Tumepunguza hesabu tu."

Na kweli, ukiitazama kwa utaratibu wa pale, haikuwa ajabu. Hata nyumba yenye mgonjwa mahututi ndani, mgeni akibisha hodi na kuuliza habari, jibu la kwanza ni nzuri. Anakaribishwa, anapewa kigoda, anakunywa maji. Mabaya husemwa baadaye, polepole, naye akiwa amekaa. Sista Zipora alikuwa mtoto wa desturi hiyo hiyo. Kumbe yeye alikuwa akiuchukua uzi mlangoni, anahesabu, anaandika, anaita mwingine. Ile sehemu ya baadaye hakuwahi kuifikia.

Siku hiyo hakutoa dawa kwa haraka. Alimwingiza kila mmoja ndani, akamketisha, akauliza habari za mtama na mbuzi, kisha akaacha kuuliza na kungoja. Kati ya kumi na sita waliokuja, kumi na wawili walisema wamewahi kufungua. Jumamosi na Jumapili akazunguka kwa baiskeli nyumba nyingine kumi na tano. Kumi na moja wakasema hivyo hivyo. Mzee mmoja alimweleza kwa fahari kwamba yeye hufungua yote, tena siku ya kliniki humletea Sista na jogoo.

Jumatatu alimkuta Dokta Harithi akiipitia fomu iliyokwisha pigwa chapa. Alimweleza mwanzo hadi mwisho. Daktari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Akasema dawa inasaidia hata hivyo, kila mtu anajua, na waliowaona wagonjwa wale miaka miwili iliyopita na wanaowaona sasa hawahitaji uzi. Akasema kati ya hao arobaini na mmoja lazima wamo ambao hawajaanguka kweli.

"Wangapi?" Sista akauliza.

"Wengi."

"Kwenye fomu tuandike wengi?"

Daktari akasema hakuna mtu wa Kampala atakayekuja kukagua kasha la sabuni. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba hii ni mara yake ya tatu. Sista akamjibu kwamba anajua. Akaitoa karatasi aliyoiandika usiku kwa mkono wake, akaiweka juu ya ile iliyopigwa chapa. Kwenye kisanduku cha jambo jipya alikuwa ameandika sentensi tatu. Wagonjwa wetu hufungua mafundo kabla ya kutufikia, kwa heshima. Kwa hiyo hatuijui idadi halisi ya waliopata nafuu. Tunadhani na ninyi hamuijui yenu.

Dokta Harithi aliisoma, akaisoma tena.

"Sentensi hii ya mwisho watachukia," akasema.

"Niitoe?"

Dirishani vumbi lilikuwa likipita kama moshi. Daktari alichukua kalamu, akalikata jina lake kwenye nafasi ya mwenyekiti, akaandika Zipora Ndahani, na lake akalibakiza nafasi ya pili ya wazungumzaji tu. "Kaa juu wewe. Wakikataa, safari hii wamkatae mtu mwingine." Akaanza kuigeuza ile karatasi kwa Kiingereza, na ile sentensi ya mwisho akaigeuza kama ilivyo.

Lusaka ilibidi iulizwe upya, kwa kuwa kikao hakikuwa kile walichokubaliana. Jibu lilirudi Jumanne, mstari mmoja: Sijawahi kuwauliza wangu, niachieni jina langu hapo hapo.

Jumatano mchana Sista akaenda kwa Swalihu, kijana mwenye duka la chapa na fotokopi karibu na soko, ambaye mwaka ule alikuwa ameleta mashine ya faksi na kuifunika kitambaa cha kufumwa kama redio ya mama mkwe. Kijana alimwamkia shikamoo, akapokea fomu. Sista akatoa na nyuzi mbili, mmoja wenye mafundo matano na mwingine wa namna hiyo uliofunguliwa, akaomba zitolewe fotokopi.

"Sista, hii mashine ni ya karatasi. Ukitaka ya kamba nenda gulioni."

"Ziweke tu, mwanangu."

Akaziweka kwenye kioo. Picha ikatoka nyeusi nyeusi, lakini ukiangalia vizuri, kwenye uzi uliofunguliwa mikunjo ilionekana pale mafundo yalipokuwa, mitano, kama makovu. Swalihu aliishika ile karatasi kwenye mwanga na kuacha utani. Laini ya Kampala ilikataa mara nne. Ya tano ikapita.

Jibu lilifika Novemba, mawingu ya kwanza yakiwa yameanza kukusanyika upande wa mashariki. Kikao kimekubaliwa. Siku ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, ukumbi mdogo, dakika arobaini na tano badala ya tisini. Kamati ilitoa sharti moja: mwenyekiti aje na hesabu mpya za miezi iliyobaki, zilizokusanywa kwa njia yoyote atakayoieleza. Kuhusu dawa za Januari barua haikusema neno, wala haikuwa kazi yake kusema.

Alhamisi iliyofuata Sista Zipora hakuanza na vidonge. Aliwaeleza watu wa benchini kwamba amealikwa Kampala, kwenye mkutano wa watu wanaochunguza ubongo, na kwamba huko atasimulia habari ya nyuzi na sindano. Majina yao hatayataja. Lakini asingependa kuisema huko kabla hajaisema hapa, na mtu asiyetaka aseme sasa.

Wakatazamana. Mmoja akauliza kama Kampala kuna Wagogo. Mwingine akataka kujua kama huko watacheka. Sista akasema pengine.

Paulina ndiye aliyeinuka. "Utawaambia tulikudanganya?"

"Nitawaambia mlinistahi, na mimi sikukaa kitako kuwasikiliza."

Paulina aliuzungusha uzi wake kidoleni, akafikiri, kisha akampa.

"Haya. Basi waambie na hili. Filipo mwezi huu ameanguka mara nne, na moja ilikuwa kisimani. Usipunguze."

Sista Zipora akauhesabu uzi kwa kidole. Yalikuwa manne. Akafungua daftari, akaandika nne, na mbele yake, kisimani, kisha akamwita Paulina ndani waketi.