Kampeni Yangu Juu ya Trela, Malaba

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaonyeshwa ile video na mtu mwingine, kwa sababu najua iko kwa simu ya nusu ya watu wa Malaba, na kwenye hiyo video ni mimi, mheshimiwa wenu, nimekaa juu ya mzigo wa vyuma nikipungia watu mkono huku trela inanitoa Kenya. Kucheka chekeni. Hata mimi siku hizi nacheka, lakini siku hiyo, jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ardhi yenyewe ilikuwa mbali, maana nilikuwa juu.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya kampeni, mara yangu ya kwanza kugombea kiti cha MCA, mwakilishi wa wadi. Mpinzani wangu hakuwa na sera hata moja (mimi nilikuwa nazo mbili, maji na taa za soko), wimbo wake ulikuwa mmoja tu: huyu mama ni Mganda. Kisa na maana, mama yangu mzazi alitoka upande wa Tororo, huko Uganda, akaolewa hapa na baba, akanizaa hapa hapa. Sasa niambieni, hapa Malaba ni boma gani halina shangazi ama mjomba ng'ambo ya mto wa mpaka? Lakini neno likashika. Watu sokoni wakaanza kuniuliza nitawakilisha wadi gani, ya huku ama ya kule. Mama akaacha kwenda kanisani, akaniambia labda ni vizuri arudi kwao kwanza mpaka kura ipite. Hiyo iliniuma kuliko matusi yote. Nikaona lazima nishinde, maana nikianguka, mama ataenda kaburini akiamini ni yeye aliyeniponza.

Basi siku ya soko pikapu yetu ya kampeni ikakwama nyuma ya foleni ya malori. Mtandao wa forodha ulikuwa umelala tangu asubuhi, malori yamejipanga mpaka macho yanachoka kuyafuata, madereva wamezima injini wanakunywa chai, na watu wamejaa kando ya barabara hawana la kufanya. Mgombea gani anaacha umati kama huo? Mbele yangu kulikuwa na trela ya wazi imebeba vyuma vya ujenzi, vimelala sawasawa, jukwaa kabisa. Binamu yangu Okiru, ndiye alikuwa anasimamia kampeni, akaniambia nisubiri kidogo alete meza kutoka hoteli ya jirani. Meza! Eti mtu anataka uongozi halafu asimame juu ya meza ya chapati. Nikamwachia mkoba wangu, na kitambulisho ndani, na simu ndani, nikamwendea dereva, mtu wa Pwani anaitwa Mwinyi, nikamwomba ruhusa ya kupanda.

"Panda tu, mama," akasema. "Leo hapa hatusongi."

Nikapanda (yaani nilipandishwa, na walionisukuma walikuwa watatu, na walinisukuma wapi hiyo hamtaniuliza). Nilikuwa nimevaa gauni refu la kitenge la kubana na kofia yenye picha yangu. Nikashika kipaza sauti, nikaanza, na siwadanganyi, siku hiyo nilikuwa moto, maji nimeyamaliza, nimefika kwa taa za soko, watu wanaitikia, ndipo nikasikia injini zinawaka huko mbele, moja, nyingine, nyingine. Mtandao umerudi.

Nikamwita Mwinyi asubiri nishuke. Akatoa kichwa dirishani akanieleza kwa upole wote kwamba akiacha nafasi hapo lori lingine litachomeka, atalala barabarani tena, na yeye ana watoto wanamngoja nyumbani, kwa hivyo niruke tu, ataenda polepole. Nikajaribu kuruka. Gauni likakataa. Ule waya wa kufunga vyuma ulikuwa umeingia kwa kitenge upande wa nyuma, na kila nikivuta nasikia kitambaa kinaachia. Nikajikuta na njia mbili tu, niende Uganda nikiwa nimevaa ama nibaki Kenya uchi. Nikakaa.

Watu wakadhani ni mbinu ya kampeni. Wakapiga vigelegele, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikawapungia mkono (ule mkono, Mungu anisamehe). Lakini vijana wa mpinzani wangu walielewa haraka. Wakatoa simu, wakaanza kurusha moja kwa moja, wanakimbia kando ya trela wakiimba kwamba anaenda kwao, mwacheni aende kwao. Hapo nikaacha kupunga. Nikamwona mama akilini mwangu, anafunga nguo zake kwa shuka, na machozi yakanitoka juu ya vyuma vya watu.

Tukavuka daraja, trela ikasimama yadi ya upande wa pili. Afisa mmoja mrefu akachukua karatasi za Mwinyi, akazisoma, akaangalia mzigo, akaniangalia.

"Nyabo," akaniuliza, yaani mama kwa lugha ya kwao, "wewe ni sehemu ya mzigo?"

Nikamwambia mimi ni mgombea, na hapo ndipo nilizidi kuharibu. Akasoma kofia yangu, uso ukabadilika. Kampeni ya Kenya ndani ya Uganda? Akataka kitambulisho, sina. Mwinyi, maskini, akakata ule waya kwa koleo na kunipa kikoi chake nijifunge, maana kitenge kilikuwa kimekwisha. Kisha afisa akauliza swali ambalo mpaka leo nalisikia: kuna mtu yeyote huku ananijua, aje anidhamini? Sasa mimi nina mjomba hapo, kaka ya mama, ana kibanda cha kurekebisha tairi si mbali na ile yadi. Ningetaja jina lake ningeachiliwa mara moja. Lakini zile simu zilikuwa zimeshavuka daraja, na umati nyuma yake, zimefika getini, zote zinaniangalia.

"Sina mtu huku," nikasema. "Mimi si wa huku."

Afisa akakasirika, akanipokonya kipaza sauti, akanitembeza mpaka getini, mimi na kikoi changu cha kiume, akawasha akasema:

"Watu wa Kenya, huyu nyabo ni wenu. Sisi hatumjui, hana mtu huku. Kujeni mumchukue, na msimlete tena."

Halafu mama mmoja muuza nyanya, ambaye hata kura yake sikuwa nimeiomba, akawageukia wale vijana wa simu akawauliza, "Si mlisema ni Mganda? Sasa mbona Waganda wamemkataa?" Umati ukapasuka. Na vijana wenyewe ndio walikuwa wanarusha, wadi nzima inaona, hawakuwahi hata kuzima. Okiru akapenya kwenye umati akanifikia na mkoba wangu. Hakuna pesa ambayo ingeninunulia ushahidi kama huo. Nikashinda, na vizuri.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Alipomaliza kucheka akauliza taratibu kama ni kweli nilisema sina mtu kule.

Kwa hivyo nilipomaliza kuapishwa pale Busia, safari yangu ya kwanza ilikuwa kumchukua mama tuvuke kwa mjomba. Nilienda na soda, na sukari, na maneno ya kuomba msamaha nimeyapanga. Mjomba hakuningoja nianze.

"Nilikuwa pale," akasema. "Nilikuona juu ya vyuma. Nikajificha nyuma ya lori, kwa sababu ungeniita ningeitika, na ungekwisha."

Nililia siku hiyo kuliko siku ya trela. Siku hizi nahutubia nikiwa nimesimama chini, meza ya chapati nikipewa nashukuru, na nikivuka lile daraja navuka kwa miguu na kitambulisho mkononi, na afisa akiniuliza kama kuna mtu ananijua huku, namtajia mjomba kwa jina, kwa sauti, hata kama simu zinarekodi.