Birika Jekundu la Dashibodi

Juzi mwalimu wetu wa Kemia alinipa lifti, na kwenye dashibodi yake nikaona taa nyekundu yenye umbo la birika. Niliijua taa hiyo.

Mara ya kwanza kuiona nilikuwa mdogo, nimeketi mbele na Baba kwenye gari lake, maziwa ya majirani wa Kapseret yakichezacheza kwenye mitungi nyuma. Gari lilikuwa limetoka kubadilishwa oili kwa fundi huko Langas, na lilinuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Baba, gari inataka chai!"

Alicheka. "Iambie ingoje, maziwa iko. Hiyo taa imeharibika tu, oili ni mpya."

Sikujua kwamba fundi hakukaza nati ya chini ya injini, na oili yote ilikuwa inabaki barabarani. Mimi nilikuwa nikisubiri chai. Kisha injini ikagonga ko, ko, ko, ikazimika. Baba alishika usukani mpaka maziwa yakaanza kunuka. Gari halikuwaka tena, naye akarudia kusambaza maziwa kwa baiskeli.

"Mwalimu, simamisha gari," nilimwambia juzi. "Oili imeisha."

"Wewe na vituko vyako!" akasema, akaongeza mwendo.

Nilivaa sweta, nikakaza kamba za viatu, nikajitayarisha kutembea.